Mlango wa Kumi na Saba

Kiwandani Igogo, ghorofani, ndani ya kabati la chuma,
swichi inaandika.
Inaandika kama karani wa mahakama ya mwanzo:
saa, tukio, nukta. Saa, tukio, nukta.
*Mlango wa kumi na saba umezimika.*
*Mlango wa kumi na saba umewaka.*
Haiulizi ni nani. Haina mjomba Igogo, haina shemeji Kirumba,
wala haitaki chai.

Meneja Mugyabuso kaichapa karatasi nzima,
kaipigia mistari miekundu.
"Unaona? Saa tano na dakika kumi na moja, kila usiku.
Mizani inapoteza mawasiliano, minofu ya watu inalala bila uzito.
Na saa tano ndipo Holo anapochomeka birika lake.
Mlinzi gani huyu, anayefungua milango?"

Nikamwambia mlango huu hauna bawaba,
ni tundu tu, linameza waya.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa sangara hana miiba.

Holo alisimama kizingitini, kofia kwapani.
Birika kalileta mwenyewe, kama kidhibiti:
kitako kimeungua, mdomo umepinda.
Hakujitetea. Alisema tu,
"Saa tano huwa nimeshakunywa."

Nikaketi, kompyuta mapajani.
Wadudu wa ziwa walikuwa wamepanda toka majini kama moshi,
wanagonga kioo, wanafia juu ya vitufe.
Nikawa nawapangusa kwa kiganja, nasoma toka chini kwenda juu
kama asomavyo mtu anayetafuta mwanzo wa ugomvi.
Kabla tu ya kuzimika, makosa mia tatu.
Kabla ya hapo, arobaini na mawili.
Kabla ya hapo, tisa.
Waya haukufa ghafla, basi.
Uliugua kwanza, na kila usiku uliugulia palepale.

Kisha nikaiuliza swichi swali ambalo hapa
hakuna aliyewahi kuiuliza:
wewe, kwako ni saa ngapi sasa?
Ikajibu, saa moja jioni.
Ukutani ilikuwa saa nne usiku.
Miaka yote hiyo mwili wake uko Mwanza,
saa yake iko Greenwich, haijavuka.

Nikaongeza tatu.
Tano na tatu, nane.

"Nani huamka saa nane usiku humu ndani?"
Holo akacheka kwa pua. "Mashine ya barafu.
Hata Sengerema wanaisikia."

Tukaingoja. Mugyabuso alikwenda kulala.
Saa nane na dakika chache sakafu ikaanza kutetemeka,
nikatambaa nyuma ya mtambo, tochi mdomoni, magoti yamelowa:
waya wetu huu hapa, fundi fulani kaufunga kwa katani kwenye bomba,
na bomba linausugua, linausugua,
ganda limeliwa, shaba imeota kijani.
Juu, Holo akapaza sauti: "Taa yako imekonyeza!"
Halafu: "Imekufa."

Nikavuta waya mpya kupitia darini, mbali na bomba.
Nikairudisha swichi nyumbani, saa kwa saa.
Kesho yake, na keshokutwa, nikapeleka karatasi kwa meneja:
penye mlango wa kumi na saba hapakuwa na neno.
Akaigeuza nyuma, kana kwamba neno limejificha huko.
"Sawa," akasema.
Pole haikutoka.

Nilimkuta Holo ngazini, anamimina chai ya alfajiri,
kikombe kimoja chake, kifuniko cha birika changu.
"Hicho kidude," akasema, "kikipita usiku salama, kinaandika nini?"
Hakiandiki kitu.
Akapuliza chai. Akanywa. Akapuliza tena.
"Basi miaka yangu sita haimo."